Kanda za joto za darubini kwa hewa ya Unguja na Pemba: upi ununuliwe, upi uachwe

Kinachokatisha usiku wa kutazama nyota visiwani, aghalabu kuliko mawingu, ni umande. Mbingu ni safi, Nge yuko utosini, Zohali inaonekana na pete yake. Mara sayari inaanza kuvaa utando mweupe na nyota ndogo zinapotea moja moja. Mtazamaji anadhani darubini imepoteza ulengo, anazungusha kitasa mbele na nyuma, haisaidii. Akimulika tochi mdomoni mwa bomba anakuta kioo kimelowa chote. Hapo ni saa tatu na nusu au saa nne za usiku, na saa zilizo bora bado hazijafika.

Vinavyotathminiwa hapa ni vifaa vya kuzuia hilo: kinga ya umande, ukanda wa joto wa USB, ukanda wa volti 12 pamoja na kidhibiti chake, pete ya joto ya kiwandani, na ukanda wa kujitengenezea kwa rezista au waya wa joto. Tumevipima kwa swali moja tu, kama vinafaa kwa hewa ya huku. Karatasi za maelezo zinazokuja ndani ya maboksi yao zimeandikwa kwa watu wa nchi zenye baridi na hewa kavu, na anayezifuata neno kwa neno Paje au Wete atawasha ukanda wake akiwa ameshachelewa saa mbili.

Hewa yetu na hesabu yake

Kioo kinachotazama mbingu hupoteza joto kwenda juu, na mbingu tupu hairudishi kiasi kile kile. Basi kioo hupoa kuliko hewa inayokizunguka. Kikishuka chini ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ile haiwezi tena kubeba mvuke wake wote, mvuke unageuka matone juu yake.

Chukua hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 30, kama ya jangwani. Kiwango chake cha umande ni karibu na nyuzi 6, kwa hiyo kioo kina nafasi ya kushuka nyuzi 19 kabla hakijalowa. Sasa chukua hewa ile ile ya nyuzi 25, lakini unyevu asilimia 90, hali ya kawaida kabisa ya usiku wa pwani: kiwango cha umande ni nyuzi 23.3 hivi. Nafasi iliyobaki haifiki nyuzi mbili. Kwa unyevu wa asilimia 85 ni nyuzi tatu kasoro.

Hesabu ya kichwani ni hii: toa unyevu kwenye 100, kisha gawa kwa 5. Unyevu wa asilimia 90 unabakisha 10, gawa kwa 5, nafasi ni nyuzi 2. Si kamili lakini inatosha kwa kazi ya uwanjani, mradi unyevu uwe umepita asilimia 50, na huku umepita kila usiku. Kipimo kidogo cha dijitali cha joto na unyevu kinunuliwe kabla ya ukanda wowote, na kiwekwe kando ya darubini. Kikiwa barazani au ndani ya gari kinasoma hewa nyengine.

Upo upande wa pili ambao wengi hawausemi. Mvuke huo huo uliojaa hewani hurudisha chini sehemu ya joto, kwa hiyo kioo hapa hakishuki sana kama kinavyoshuka jangwani. Maana yake ni kwamba hatuhitaji moto mkali. Tunahitaji joto dogo linaloanza kabla jua halijapotea vizuri na lisilokatika mpaka vifaa vifungwe. Kifaa kizuri kwetu ni kile kinachoweza kutoa wati chache kwa saa nyingi, na hapo ndipo baadhi ya vinavyosifiwa sana vinapoanguka.

Jengine ni mahali tulipo duniani. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, Pemba nyuzi 5. Mwezi na sayari hupita karibu na utosi, na bomba husimama wima kwa saa nzima, kioo kimelala kama sahani kikitazama sehemu ya mbingu iliyo baridi kuliko zote. Darubini inayotazama chini kuelekea upeo huona anga lenye joto zaidi, na hukawia kulowa. Anayetazama sayari utosini ajue amekiweka kioo mahali pabaya kabisa kwa umande.

Kinga ya umande

Hii ndiyo ya kwanza kununua, au kutengeneza. Ni bomba jepesi linalorefusha mdomo wa darubini ili kioo kione mbingu kidogo. Urefu wake uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa kioo: kwa darubini ya inchi 8, sentimita 30 hadi 40. Iliyo fupi kuliko hapo ni pambo.

Za dukani za kukunja ni nzuri, zina velkro na mkato wa kupisha reli ya chini ya bomba. Lakini mkeka wa sponji wa mazoezi wenye unene wa milimita 6 hadi 10 hufanya kazi ile ile. Bomba la inchi 8 lina upana wa nje wa sentimita 23 hivi, basi mzunguko ni 72. Kata sentimita 77 ili zipatikane 5 za kupandiana. Ndani pawe peusi, pasing'ae. Sponji ni bora kuliko bati kwa sababu haipitishi joto. Kinga ya bati hupoa yenyewe, hulowa, na kudondosha maji juu ya kioo inachopaswa kukilinda.

Kasoro yake huku ni upepo. Kwenye fukwe za mashariki wakati wa Kusi, kinga ya sentimita 40 ni tanga dogo: darubini inatikisika na picha inacheza. Pale ifupishwe hadi 30, au darubini iwekwe nyuma ya ukuta wa makuti.

Peke yake kinga haimalizi usiku. Inachelewesha umande, na katika usiku uliotulia hauchelewi sana. Lakini ukanda usio na kinga unapoteza joto lake mbinguni, kwa hiyo viwili hivi vinakwenda pamoja.

Ukanda wa USB

Ni kitambaa chenye nyuzi za kupasha joto ndani, velkro kwenye ncha, na waya wa USB wenye swichi ya viwango vitatu. Unatumia volti 5, na wengi wao hufika wati 10 katika kiwango cha juu. Kwa lenzi za kamera na darubini za lenzi za milimita 60 hadi 100 tunaupendekeza bila kusita: ni rahisi, ni mwepesi, na umeme wake ni wa pawa benki ambayo kila mtu anayo.

Hesabu ya pawa benki isomwe vizuri. Ile ya mAh 10,000 ina wati-saa 37, na baada ya hasara za ndani hubaki kama 31. Ukanda wa wati 10 utaimaliza kwa saa tatu. Ya mAh 20,000 hufika saa sita. Kwa kiwango cha kati au cha chini muda unaongezeka, na kwa darubini ya milimita 80 yenye kinga, kiwango cha kati kinatosha usiku mwingi.

Yapo makosa matatu yanayoharibu kifaa hiki kizuri. La kwanza, pawa benki nyingi hujizima zenyewe zikiona umeme unaovutwa ni mdogo. Ukanda ukiwa kiwango cha chini, pawa benki inadhani simu imejaa. Taa ya swichi inazimika, hakuna anayeona gizani, na baada ya nusu saa kioo kimelowa. Jaribio lifanyike mchana: washa kiwango cha chini, acha saa nzima, rudi uone kama bado una joto.

La pili ni waya wa kuongezea. Kwa volti 5 waya mwembamba ni adui. Mita mbili za waya wa milimita za mraba 0.2 zina ukinzani wa omu 0.34 kwa kwenda na kurudi, na ukanda wa wati 10 unabaki chini ya wati 8. Pawa benki ifungwe kwenye bomba lenyewe kwa mkanda wa mpira, na waya mrefu uachwe nyumbani.

La tatu ni kununua kwa upana badala ya mzunguko. Pima bomba kwa uzi, pale pale ukanda utakapokaa, kisha ulinganishe na urefu wa sehemu inayopata joto, kwani velkro haipashi. Ukanda ukibakisha robo ya mzunguko bila joto, umande huanzia robo hiyo na kutambaa hadi katikati.

Kwa darubini ya inchi 8, ukanda mmoja wa USB ni mdogo. Unaweza kufaa ukiwashwa magharibi na kinga ikiwa ndefu, lakini hauna akiba ya kukabili usiku mzito. Hapo tunausifu kwa darubini ndogo ya kulengea na lenzi ya jicho tu.

Ukanda wa volti 12 na kidhibiti

Huu ndio tunaouweka juu kwa skuli, vikundi na hoteli zinazotazamisha wageni nyota. Kendrick ya Kanada ni miongoni mwa majina ya zamani katika kazi hii, na mpango wake umekuwa desturi ya wengi: kila ukanda una plagi ya RCA, zile zile za deki na televisheni za zamani, na kanda zote zinachomekwa kwenye kidhibiti chenye matundu mawili hadi manne. Kidhibiti hakipunguzi volti. Huwasha na kuzima umeme haraka haraka, na kitasa kinaamua sehemu ya muda ambao umewaka. Ndiyo maana ukanda mkubwa ukiwekwa kwenye theluthi moja unakula theluthi moja ya betri.

Viwango tunavyoviona vinafaa huku, kinga ikiwepo: wati 2 hadi 3 kwa lenzi ya jicho, 5 hadi 6 kwa lenzi ya mbele ya milimita 80, na ukanda wa wati 15 kwa inchi 8. Anza na theluthi moja wakati wa magharibi. Ikifika saa tatu usiku, au kipimo kikisoma asilimia 90, panda hadi nusu. Kupita theluthi mbili ni nadra kuhitajika. Joto likizidi, hewa ndani ya bomba inapanda na kuzunguka, na nyota kwenye ukuzaji mkubwa zinachemka kama maji ya ugali. Watu huilaumu mbingu, kumbe ni kitasa.

Mahali pa kuufunga ukanda ndipo panapokosewa zaidi. Kwenye darubini fupi za Schmidt-Cassegrain, zile zenye kioo angavu mdomoni na vioo vya kuakisi ndani, ukae juu ya fremu ya chuma inayoshika kioo cha mbele, ukingo kwa ukingo, chini ya kinga. Ukiusogeza nyuma sentimita tano unapasha bomba tupu. Kwenye darubini ya lenzi ufungwe kwenye fremu ya lenzi, na kama ina kinga yake ya kuteleza, irudishwe nyuma kwanza ili fremu ionekane. Ukanda uliofungwa nje ya kinga hiyo ni betri bure. Darubini ya vioo ya Newton haihitaji ukanda kwenye bomba, kwani kioo kikubwa kimejificha chini kabisa. Kinacholowa ni kile kidogo cha mshazari kilicho katikati ya bomba karibu na mdomo: kipate wati 2 zilizobandikwa mgongoni mwake, na waya upitie juu ya bawa linalokishika. Kwa Dobson ya nguzo wazi, yaani Newton ya kitako kifupi ambayo nguzo zimechukua mahali pa bomba, kitambaa cheusi cha kuizungushia ni lazima, na feni ya kompyuta ya volti 12 ikipuliza polepole kwenye kioo kikubwa husaidia sana: hewa inayotembea hukiweka kioo katika joto la hewa, kisishuke chini yake. Feni kama hiyo hula kama ampea 0.15.

Betri. Ukanda wa wati 15 unavuta ampea 1.25. Betri kavu ya ampea-saa 7, ya zile za taa za dharura, isitumiwe zaidi ya nusu kama unataka iishi; hiyo ni chini ya saa tatu kwa nguvu kamili. Ya ampea-saa 20 inatosha usiku mzima. Ya lithiamu ya fosfeti, ampea-saa 12, huenda saa nane na ni nyepesi kubeba kwenye bodaboda au daladala, jambo lenye uzito kwa anayetoka mjini kwenda Makunduchi au Matemwe. Injini za kuzungusha darubini zipewe betri yake mbali. Zikichangia na kanda, volti ikishuka kidogo mtambo unajizima na kusahau ulipoelekezwa, na upangaji wote unaanza upya.

Fyuzi ya ampea 3 iwekwe karibu na ncha chanya ya betri. Plagi ya RCA iliyochomolewa ikiwa na umeme, ncha yake ya katikati ikigusa chuma cha kitako, ni cheche. Na kwa chumvi ya hewa yetu plagi hizi hushika kutu ya kijani ndani ya miezi michache. Zipakwe grisi kidogo ya silikoni, zifutwe kila mwezi.

Vidhibiti vinavyojiendesha, kama vile vya Pegasus Astro ya Ugiriki na Celestron ya Marekani, vina kihisi cha joto na unyevu na hujihesabia kiwango cha umande. Ni kazi nzuri ya ufundi. Tahadhari yetu ni kwamba vihisi vya unyevu vinavyokaa siku zote kwenye hewa iliyokaribia kujaa huanza kusoma vibaya, na hewa yetu ndiyo hiyo. Baada ya kila miezi kadhaa kilinganishwe na kipimo chengine. Kikianza kusoma asilimia 100 kila usiku, kitamwaga nguvu yote bila sababu, na betri itakwisha saa sita za usiku.

Pete ya joto ya Celestron

Hii inachukua nafasi ya ile pete inayoshika kioo cha mbele cha darubini zao za Schmidt-Cassegrain, inchi 8 ikiwemo. Ni ya aluminiamu, inapasha ukingo wa kioo moja kwa moja badala ya kupasha bomba kwanza, na ina kihisi cha joto ndani. Kwa ufanisi wa kila wati, hakuna katika orodha hii kinachoifikia. Haivuliwi wala haipotei, na kinga inakaa juu yake bila kubanwa na ukanda.

Lakini si ya kila mtu. Kuifunga kunataka kufungua skrubu zote za mbele. Bomba lielekezwe juu kidogo ili kioo kisidondoke, ukingo wa kioo na bomba vitiwe alama ya penseli vikabiliane, na kioo kisizungushwe wala vipande vidogo vya kuegemea pembeni visisogezwe, kwani kioo hicho kimewekwa kiwandani kikiwa kimelingana na vioo vya nyuma. Skrubu zikazwe kwa zamu, upande huu na upande wa pili, kwa vidole tu mwishoni. Anayetaka darubini ikae hapo hapo kwa miaka, kwa mfano hoteli ya Nungwi au Kigomasha, ainunue. Anayebadilisha darubini au kuazimana na wenzake abaki na ukanda.

Wa kujitengenezea

Tunausifu kwa moyo mmoja, kwa sababu unatengenezeka kwa vitu vya fundi redio na unaharibika kwa namna inayotengenezeka.

Kwa inchi 8: rezista 36 za omu 330 za wati moja, zile zenye mistari ya chungwa, chungwa, kahawia. Nyosha nyaya mbili laini za shaba sambamba, urefu wa sentimita 72, kisha lehemu rezista katikati yao kila baada ya sentimita 2, mfano wa ngazi. Kila moja kwa volti 12 inatoa wati 0.44, zote pamoja wati 15.7, na umeme unaovutwa ni ampea 1.3. Rezista za nusu wati zinakaribia mno ukomo wake na huungua zikifunikwa, kwa hiyo za wati moja zitafutwe hata kama ni shida. Funika ngazi nzima kwa mrija wa kubana kwa joto au tepu isiyoshika moto, ishone ndani ya utepe wa kitambaa, upande wa nje uwe na sponji nyembamba ili joto liende kwenye bomba. Kabla ya kuwasha, pima kwa mita: isome omu 9.2 hivi. Ikisoma sifuri, nyaya zimegusana.

Njia ya pili ni waya wa joto wa nikrome wa milimita 0.32. Una takriban omu 13.7 kwa mita, basi sentimita 70 ni omu 9.6, na kwa volti 12 unapata wati 15. Ni haraka, lakini risasi haishiki kwenye nikrome; ncha zibanwe kwa viunganishi vya kukaza. Na ukikatika mahali pamoja ukanda wote umekufa, ilhali ngazi ya rezista ikipoteza moja thelathini na tano zinaendelea. Ndiyo sababu tunachagua rezista. Waya uliotolewa kwenye draya mbovu ya nywele usikisiwe. Upimwe kwanza, maana ulikusudiwa volti 230.

Kidhibiti kinaweza kuwa kile cha kupunguza mwanga wa taa za LED za volti 12, mradi kinaandikwa kubeba ampea 3 au zaidi.

Draya, na kufuta kwa kitambaa

Hatuvipendekezi. Gramu moja ya maji inahitaji kama kilojuli 2.4 kugeuka mvuke. Utando wa unene wa milimita 0.05 kwenye kioo cha inchi 8 ni gramu 1.6. Ukanda wa wati 15 ukifanikiwa kufikisha wati 5 kwenye kioo, ni dakika 13 za kungoja, na hiyo ni kama hewa iko tayari kuupokea mvuke. Hewa yenye unyevu wa asilimia 95 haiko tayari. Kuzuia kunagharimu kidogo sana kuliko kukausha. Draya hukausha upesi, kweli, lakini umande wa pwani una chumvi ndani yake, na maji yakiondoka kwa nguvu chumvi inabaki imeoka juu ya kioo. Kisha kioo kinapoa tena na baada ya dakika kumi kimelowa upya. Ama kitambaa, kinaisugua chumvi hiyo hiyo juu ya rangi laini ya kioo, yaani utando mwembamba uliopakwa kiwandani.

Umande usiokuwa umande

Darubini inayotolewa kwenye chumba cha kiyoyozi cha nyuzi 20 kuingia hewa yenye kiwango cha umande cha nyuzi 23 inalowa papo hapo, vioo vya ndani vikiwemo, hata mbingu ikiwa na mawingu. Hakuna ukanda unaoweza kuwahi hilo. Dawa ni kuitoa ikiwa ndani ya sanduku au mfuko uliofungwa, saa moja na nusu kabla, na kutofungua mpaka ipate joto la nje. Umande utakaa juu ya mfuko. Hili linawahusu zaidi wanaotafuta mwezi mwandamo: kazi yao iko chini magharibi na huisha mapema, kwa hiyo ukanda si lazima, ila darubini iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi dakika tano kabla ya magharibi haitawaonyesha chochote.

Mahali pa kusimama nako kunapunguza kazi ya ukanda. Mabonde ya mpunga, Cheju au ya Pemba, hukusanya hewa nzito ya unyevu, na usiku wa maleleji ambao upepo umekufa umande huko ni mzito mno. Juu ya maweni, au ufukweni penye upepo wa wastani, ni nafuu, ingawa ufukweni unalipa kwa chumvi. Dari ya zege ya Mji Mkongwe hutoa joto la mchana hadi usiku wa manane na kuchelewesha umande, lakini joto hilo hilo huichezesha picha, na taa za mji ziko pale pale.

Baada ya kufunga

Kifuniko kisiwekwe juu ya kioo kilicholowa. Bomba liinamishwe mdomo chini kidogo, chumbani penye feni, mpaka likauke, ndipo lifungwe. Kuvu hupenda kioo kilichofungiwa na unyevu, na akishaingia kwenye lenzi hula rangi yake, haitoki tena.

Lenzi za jicho zikae kwenye sanduku lenye mpira mdomoni, pamoja na silika, yaani chembe za kunyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu. Asilimia 40 hadi 50 ndani ni vizuri. Silika ikibadilika rangi irudishwe kwa oveni ya nyuzi 120 kwa saa moja au mbili. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu, basi isikaushwe kwenye kaango wala trei ya chakula. Nunueni ya chungwa.

Chumvi ikishaonekana kama madoa, kioo kilowanishwe kwanza kwa maji yaliyosafishwa, yanyonywe kwa pamba bila kukandamiza, pamba mpya kila mpito. Ukiyaomba dukani kwa jina la maji ya betri, soma chupa kabla ya kulipa: jina hilo hilo hutumika kwa maji ya kuongezea na kwa asidi.